Mama mkwe anasema mionzi ya simu zangu ilikula mimba mbili. Nifunge kibanda?

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa miaka 33, naishi Muheza na mume wangu, mtoto wetu wa miaka 8 na mama mkwe. Huu ni mwaka wa nne nafanya kazi ya uwakala wa pesa kwa simu. Kibanda changu kiko kando ya barabara, karibu na nyumbani. Mezani nina simu 4: vitochi 3 vya laini za uwakala, na simu janja yangu mwenyewe. Msimu wa machungwa wateja wanapanga foleni mpaka magharibi, na siku nyingine floti inaisha kabla ya adhuhuri.

Miaka 3 iliyopita ulijengwa mnara wa simu kwenye kiwanja cha jirani. Nikisimama mlangoni mwa jiko letu la kuni, nahesabu kama hatua 80 mpaka kwenye uzio wake. Tangu mnara usimame nimebeba mimba mbili, na zote zimetoka. Ya kwanza ilikuwa na wiki 9, ya pili wiki 11. Sasa nina mimba nyingine, ya miezi 5.

Nieleze kidogo kuhusu mama mkwe, maana si mtu mbaya. Dada yake aliugua saratani ya shingo ya kizazi, akapelekwa Dar es Salaam kuchomwa mionzi, na mama ndiye aliyekwenda kumuuguza. Anasimulia jinsi ngozi ya dada yake ilivyobabuka kama iliyomwagikiwa uji wa moto. Miezi michache baadaye dada alifariki. Basi tangu siku hizo mama akisikia neno mionzi tu, anakosa raha.

Mwezi uliopita ilitumwa sauti kwenye kundi letu la WhatsApp la familia. Mtu anajiita daktari, anasema mionzi ya simu na minara inamchoma mtoto tumboni, na kwamba Shirika la Afya Duniani limethibitisha simu zinaleta saratani. Mama aliisikiliza yote, halafu akaniambia mbele ya wifi yangu: "Hizo simu zako ndizo zilizokula wajukuu wangu." Sikujibu. Niliinuka nikaenda kuosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa.

Mume wangu ni dereva wa fuso, anapeleka machungwa Dar na mpakani. Anasema, "Msikilize mama, kibanda utafungua tena mtoto akizaliwa." Lakini kibanda ndicho kinacholipa ada na umeme, na gari likiharibika ndicho kinachotulisha. Tena yeye mwenyewe akiwa safarini hunipigia usiku wa manane kunijulisha amefika wapi, kwa hiyo nalala na simu chini ya mto.

Kwa hofu nilinunua vibandiko vya kuzuia mionzi kwa kijana mmoja stendi, shilingi 10,000 kila kimoja, nikabandika simu zote 4. Tangu hapo mtandao unakatika katika na simu moja inapata moto. Mama anasema huo moto ndio ushahidi.

Shangazi, usiku naamka nashika tumbo, nasubiri mtoto acheze ndipo nilale tena. Nikifunga kibanda, naona nitakuwa nimekubali kwamba ni mimi niliyewaua wanangu. Nisipofunga na mimba hii nayo ikatoka, nitaishi vipi ndani ya nyumba ile?

Mama wa Kibandani, Muheza

*

Marahaba mwanangu.

Pole. Naanza na neno hilo kwa sababu nimeisoma barua yako mara tatu nikitafuta mahali mtu alipokupa pole kwa mimba zile mbili, sikupaona. Umeniandikia nani alisema nini, simu ni ngapi, mnara uko mbali kiasi gani. Kuhusu wewe mwenyewe siku zile, hakuna. Nahisi ulirudi kibandani mapema, ukahesabu floti kama kawaida.

Unaniuliza kama ufunge kibanda. Chini ya swali hilo naona lingine zito zaidi, la nani alaumiwe, na nyumba nzima imekwisha kulijibu bila kukuuliza. Nitayagusa yote mawili, ila nianze na hizo simu, maana hofu yenu ina mantiki yake na inastahili majibu yanayoeleweka.

Kiswahili chetu kimetupa neno moja, mionzi, kwa vitu visivyofanana. Mionzi ya jua, mionzi ya eksirei, mionzi ile aliyochomwa dada wa mama mkwe wako, na mawimbi ya simu, yote tunaiita mionzi. Mama mkwe wako anaijua ile ya hospitali kwa macho yake; alivifunga vidonda vyake kwa mikono yake. Mtu akija kumwambia kuna mionzi mezani kwa mkamwana wake mjamzito, unataka afikirie nini? Mimi ningekuwa yeye ningepiga kelele pia.

Lakini tazama tofauti. Wewe ni mtu wa Tanga, minazi unaijua. Jiwe moja likirushwa kwa nguvu linaangusha dafu. Mchanga je? Rusha konzi moja, rusha konzi elfu, rusha tangu asubuhi mpaka jioni, dafu halidondoki, kwa sababu hakuna hata chembe moja yenye nguvu ya kukata kikonyo. Mionzi ya eksirei na ile ya kutibu saratani ni mawe: kila pigo lina nguvu ya kuvunja vifungo vya kemikali ndani ya chembe hai. Mawimbi ya simu ni mchanga. Ni ndugu wa mawimbi ya redio unayosikiliza taarifa ya habari, na pigo lake moja ni dhaifu hata kuliko la mwanga wa balbu. Kinachojulikana kwa hakika ni kwamba mawimbi haya yakiwa makali sana yanapasha joto. Ndiyo maana viwango vya kimataifa vimewekwa ili mwili wa mwananchi wa kawaida usipokee hata sehemu moja ya 50 ya kiasi ambacho joto huanza kuleta shida.

(Hapa hapa nikuombe: siku ukiambiwa upige eksirei, mwambie mhudumu una mimba kabla hujaingia chumbani. Yale ni mawe.)

Sasa hivyo vitochi vyako. Simu ni redio ndogo inayosikia na kusema. Unapoongea, sauti yako inageuzwa kuwa tarakimu, tarakimu zinapandishwa kwenye wimbi, na mnara ulio karibu unalidaka na kulipeleka mbele. Kitochi kikilala mezani kazi yake kubwa ni kusikiliza, na mara mojamoja kinatuma salamu fupi ya kuujulisha mnara kwamba kipo. Mteja akija kutoa pesa, ile menyu unayobonyeza inatumwa kwa kipande kifupi cha muda, basi. Hata kikiongea kwa nguvu zake zote, kitochi cha 2G hakizidi wati 2, tena kwa vipande vipande, kiasi kwamba wastani wake ni kama robo ya wati.

Na kuna jambo ambalo watu wengi wanalielewa kinyume. Simu haisemi kwa nguvu ileile siku zote. Mnara ukiwa mbali, simu inapaza sauti kama mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya bonde. Mnara ukiwa karibu, inanong'ona. Kwako wewe, mwenye mnara hatua 80 kutoka jikoni, simu zako nyingi zinanong'ona siku nzima. Au zilikuwa zinanong'ona mpaka ulipozibandika. Vibandiko vya namna hiyo Tume ya Biashara ya serikali ya Marekani, FTC, imewahi kuwaonya wanunuzi kuvihusu, kwamba vinaweza kuiziba simu, nayo ikalazimika kutumia nguvu zaidi kuutafuta mnara. Mtandao kukatika, betri kuisha haraka, simu kupata moto: ndivyo simu inavyokuwa ikipiga kelele. Vibandue leo, kisha mwonyeshe mama vijiti vya mtandao vikirudi. Ikiwa ile moja itaendelea kupata moto hata baada ya hapo, ipeleke kwa fundi aangalie betri.

Mnara nao umbo lake linadanganya macho. Zile antena ndefu kule juu zinatupa mawimbi mbele kama tochi iliyoshikwa juu ya nguzo, zikiinama kidogo tu, kwa hiyo aliye chini karibu na nguzo anapata kidogo, na kadiri yanavyokwenda ndivyo yanavyofifia. Umbali ukizidi mara mbili, kinachokufikia kinabaki robo. Mwaka 2006 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba vipimo vilivyochukuliwa maeneo wanayofika watu vilikuta mawimbi ya minara kati ya asilimia 0.002 na asilimia 2 ya kikomo cha kimataifa. Hayo ni maelezo ya jumla, na ninyi mnaishi hapo Muheza, si kwenye jumla. Mkitaka kujua mnara wenu hasa, Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania ndiyo inayosimamia mambo ya mionzi nchini, na hupima hata ile ya minara ya simu. Ombi la maandishi kupitia ofisi ya mtendaji, likiwa na majina ya majirani kadhaa, lina uzito kuliko la mtu mmoja. Namba zilizopimwa mlangoni mwa jiko lake zinaweza kumtuliza mama kuliko maneno yangu yote haya. Zinaweza pia zisimtulize, na hilo uwe tayari nalo.

Ile sauti ya WhatsApp imechukua kitu cha kweli ikakikunja. Mei 2011, wataalamu wa shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani walikutana Lyon, Ufaransa, wakayaweka mawimbi haya kundi la 2B, maana yake "huenda yakasababisha saratani", kwa sababu baadhi ya tafiti za watu wanaozungumza sana na simu sikioni zilionyesha dalili ambazo hawakutaka kuzipuuza. Huenda si imethibitishwa. Katika kundi hilohilo baadaye waliingiza dondoo la jani zima la aloe vera. Kundi la kwanza, la vilivyothibitishwa, lina tumbaku, pombe, na sumukuvu ya kwenye mahindi na karanga zilizohifadhiwa vibaya. Baada ya hapo utafiti uliendelea. Mwaka 2024 ulitoka uchambuzi ulioagizwa na Shirika la Afya Duniani, ukiwa umekusanya tafiti 63, na haukuona uhusiano kati ya simu na saratani ya ubongo, hata kwa waliotumia miaka 10 na zaidi. Kwa wajawazito tafiti ni chache na hazina nguvu kama hizo, kwa hiyo sitakuapia kwamba kila swali limefungwa. Nakuambia tu kwamba maneno ya yule anayejiita daktari yamevuka mbali sana yale yanayojulikana.

Na sasa niingie jikoni kwako, usinichukie. Uliandika "jiko letu la kuni" kwa kupita tu. Kwa upande wa saratani, moshi wa kuni ndani ya nyumba umewekwa kundi la 2A, hatua moja juu ya simu, na unahusishwa na watoto kuzaliwa na uzito mdogo. Sisemi kwamba moshi ndio uliotoa mimba zako. Nasema kama familia inatafuta kitu cha kukulinda nacho, kuna kazi pale: kukata dirisha, kuhamishia moto uwanjani, au wifi kushika upishi kwa miezi hii.

Nirudi kwenye zile mimba mbili. Kati ya mimba 100 ambazo mama amekwisha kujua anazo, 10 hadi 15 hivi hutoka zenyewe, nyingi kabla ya wiki ya 12, na sababu inayoongoza ni hitilafu katika vinasaba tangu siku mbegu ilipokutana na yai. Hakuna alichofanya mama, hakuna alichokosea. Zako zilitoka wiki ya 9 na ya 11. Hii uliyonayo imeshapita pale zile mbili zilipoishia. Sijui kama kuna mtu amekukumbusha hilo. Kliniki waeleze wazi kwamba umepoteza mbili, usisubiri waulize. Uliza kuhusu wingi wa damu, kundi lako la damu, kaswende na malaria. Mkoa wenu malaria mnaifahamu, nayo inajulikana wazi kwamba hudhuru mimba. Chandarua na vile vidonge vya SP unavyopewa kliniki usiviruke.

Nikuulize na jambo jingine ulitafakari peke yako. Ndani ya miaka hii 3, ni wanawake wangapi wa mtaa wenu wamejifungua salama chini ya mnara huohuo?

Mimi nilipoteza mimba yangu ya kwanza nikiwa na miaka 26. Simu za mkononi zilikuwa hazijafika kwetu. Waliniambia ni ndoo. Nilibeba ndoo ya maji kichwani siku mbili kabla, na kwa miaka mingi kila nilipoiona ile ndoo ya bati yenye mpini uliofungwa kamba nilihisi imenitazama. Nakueleza hili kwa sababu najua unavyozitazama zile simu 4.

Kuhusu kibanda, uamuzi ni wako na wa mumeo, ila tuzungumze kila njia ina nini ndani yake.

Ukikifunga, utapata utulivu nyumbani kwa muda, na miguu itapumzika. Hilo si dogo kwa mjamzito aliyekaa juani siku nzima. Ila wateja wa msimu wakishazoea wakala mwingine, kuwarudisha ni kazi, na ada haitasubiri. Tena kuna lile uliloliona mwenyewe: kufunga kwa sababu hii kunaweza kusomeka kama kukiri kosa. Kama utafunga, ningependa wewe na mumeo mkubaliane sababu mtakayoisema kwa sauti. "Napumzika mpaka nijifungue" na "nimeacha simu zilizoua watoto" ni sentensi mbili tofauti, na mtoto wenu wa miaka 8 anasikia.

Ukiendelea kama sasa, kipato kinabaki, na ugomvi unabaki. Mnaishi nyumba moja, mnapika chungu kimoja. Wasiwasi wa kila siku na usingizi wa kukatika katika vinakuchosha, na sitaki uviite vitu vidogo.

Kuna na njia za katikati. Labda mdogo wako, au huyo wifi, ashike kibanda nusu siku kwa kamisheni mtakayopatana. Labda ufunge mapema, kabla ya giza. Kusema kweli, mama anayerudi nyumbani usiku na floti kwenye mkoba ananitia hofu kuliko vitochi vyake. Simu ziweke mezani, si mapajani wala kwenye kanga ya tumboni. Mazungumzo marefu tumia spika. Haya ni mambo mepesi, hayagharimu kitu, na mama akiyaona atajua umemsikia. Hatari yake ni kwamba kila mmoja anaweza kuona ameachiwa nusu ya alichotaka. Itabidi mwelezane, msikisie.

Simu ya chini ya mto nayo iondoe, hasa ikiwa inachajiwa, kwa ajili ya joto la betri na usingizi wako. Iweke kwenye kigoda, hatua mbili kutoka kitandani, mlio juu. Na mumeo mwombe atume ujumbe badala ya kupiga, isipokuwa kuna tatizo. Mwambie pia, siku akiwa nyumbani na ameshakula, kwamba neno lake "msikilize mama" lilikuacha peke yako. Huenda hajui. Huenda naye aliwapoteza watoto wawili, akaendesha gari usiku kucha bila kumwambia mtu.

Mwisho, mama mkwe. Umeandika kwamba si mtu mbaya, na mimi nakuamini. Usiende kwake na hizi namba za Lyon. Siku mkiwa mmekaa wawili, mnachambua mchele au mnasuka ukili, muulize: "Mama, kule Dar ulimuuguza dada muda gani?" Halafu nyamaza, umwache aseme mpaka amalize. Akimaliza, ukiona moyo wako unaweza, mwambie na wewe usiku wa ile ya wiki 11 ulikuwaje.

Niandikie tena, hata mistari miwili, unieleze alijibu nini.

Shangazi yako